Bagamoyo bila kupanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mara yangu ya kwanza kulala Bagamoyo, mfukoni nilikuwa na tiketi ya Tanga. Basi lilichemka tulipoipita Kerege. Konda akatuambia tusubiri fundi. Fundi akaja, akafunua boneti, akatikisa kichwa. Jioni ilipoanza kuingia nikadandia daladala iliyokuwa inapita, nikashuka mwisho wa gari nikiwa na begi moja na simu yenye chaji robo. Nilikaa siku mbili. Tangu hapo nimerudi mara nyingi, karibu zote bila ratiba, na kila ninapousifu mji huu watu huniuliza maswali yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mengi yametoka kwa watu waliokwisha kuingia garini.

## Kabla hujaondoka

Bagamoyo iko umbali gani kutoka Dar es Salaam?

Kilometa 70 hivi kwenda kaskazini, lami mwanzo mwisho: Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, umefika. Barabara ikiwa tupu ni kama saa moja na robo. Siku za kawaida hesabu saa moja na nusu hadi mbili na nusu, kwa sababu kipande cha Mwenge mpaka Tegeta ndicho chenye kauli ya mwisho. Ukishavuka Bunju gari linafunguka, minazi inaanza kuonekana, na dirishani unapata upepo badala ya moshi.

Ukitokea Arusha, Moshi au Tanga huna haja ya kuingia Dar kwanza. Shuka Msata, kisha shika barabara ya lami ya Msata–Bagamoyo, kilometa 64, inayokatisha bonde la Ruvu.

Gari napanda wapi?

Kituo cha Makumbusho. Kosta na daladala za Bagamoyo hazina saa maalumu; zikijaa zinaondoka. Unaweza pia kudandia njiani, Mwenge au Tegeta, lakini ujiandae kusimama. Ukifika stendi ya Bagamoyo, bajaji na bodaboda zipo muda wote. Kama huna mzigo, nenda Mji Mkongwe kwa miguu: uliza njia ya pwani, na mtu wa kwanza utakayemuuliza atakuonyesha.

Nimeamua asubuhi hii hii. Siku moja inatosha?

Inatosha kuuona. Ondoka Dar saa kumi na mbili alfajiri, ufike kabla jua halijakolea, uzunguke Mji Mkongwe na misheni, ule samaki, na saa tisa alasiri uanze safari ya kurudi. Kaole itakuwa haraka haraka, au uiache kabisa.

Ila kama unaweza kulala usiku mmoja, lala. Bagamoyo ya saa sita mchana ni magofu na jua kali. Ile ya saa kumi na mbili jioni, wazee wamekaa barazani, watoto wanacheza mpira kwenye mchanga uliokauka baada ya maji kupwa, ngoma inasikika kutoka chuo cha sanaa, hiyo ndiyo iliyonifanya niiache Tanga isubiri.

Nibebe nini kama sikujiandaa?

Pesa taslimu za noti ndogo, kofia, maji, ndala, na kanga au kikoi. Kanga itakuwa shuka, taulo, kitambaa cha kichwa na mkeka. Usisahau kitambulisho: gesti watakiomba, na kwenye maeneo ya mambo ya kale raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni kutoka nje.

Miezi gani ni mizuri?

Kuanzia Juni mpaka Septemba, wakati wa kusi, hewa ni baridi kidogo na mvua ni haba. Masika, Machi hadi Mei, vichochoro vinajaa matope na mbu wanaongezeka. Mimi binafsi nimeenda masika na sikujuta; mji wote ulikuwa wangu na wa wenyewe.

## Mji na historia yake

Jina Bagamoyo lina maana gani hasa?

Utasikia maelezo mawili. La kwanza: ni *bwaga moyo*, yaani tua, pumzika, ondoa wasiwasi. Mpagazi aliyetembea miezi kutoka bara anaiona bahari, anashusha mzigo, roho inatulia. La pili husimuliwa kwa upande wa mtumwa: moyo wako ubwage hapa, uuache, kwa sababu ukishapanda chombo nchi yako huioni tena.

Waongozaji wengi wanapenda maelezo ya pili kwa sababu yanaliza. Mimi naegemea la kwanza. Katika Kiswahili cha kawaida, kubwaga moyo ni kujituliza, na waliouingia mji huu kwa wingi zaidi walikuwa wapagazi. Sababu nimezieleza kwenye swali la watumwa hapa chini. Hata hivyo sitabishana na mzee wa Bagamoyo akiniambia yote mawili ni kweli. Watu wawili waliweza kusimama kwenye mchanga ule ule, siku ile ile, kila mmoja na maana yake.

Je, kweli hii ilikuwa bandari ya watumwa?

Watumwa walipita hapa, walinunuliwa hapa, na wengine waliishi na kufanya kazi hapa hapa mjini na mashambani. Hilo halina ubishi. Lakini ukiambiwa kwamba Bagamoyo ilikuwa ndiyo bandari kuu ya watumwa wa pwani yetu, rudi nyuma hatua moja. Bandari iliyosafirisha watumwa wengi zaidi kutoka bara ilikuwa Kilwa. Bagamoyo iliishi hasa kwa pembe za ndovu.

Pembe zilitoka Ujiji, Tabora na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Zilibebwa na watu kwa sababu njiani ndorobo waliua ng'ombe na punda. Wabebaji wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na ushee, begani au kichwani, kutoka Tabora mpaka pwani. Kurudi walibeba vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba. Kutoka bandarini mpaka Ujiji ni zaidi ya kilometa 1,000.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu linaniuma. Tukimwita kila aliyebeba mzigo kuwa mtumwa, tunamfuta mfanyakazi aliyejadili ujira wake, akagoma njiani akidhulumiwa, akajenga kambi pembeni mwa mji akisubiri msafara mwingine, na mara nyingine akaoa na kubaki. Watumwa wanastahili kukumbukwa kama watumwa, na wapagazi kama wapagazi. Biashara ya utumwa ni ya kutisha kiasi cha kutosha bila kuongezewa watu wasiohusika.

Mji mkuu wa zamani, mbona uko kimya hivi?

Kwa sababu ya maji mafupi na reli.

Bahari ya Bagamoyo ni ya kina kifupi. Simama ufukweni wakati maji yamekupwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, utaona mchanga na matope yanaenda mbali mpaka mashua zinalala ubavu. Kwa jahazi hilo si tatizo: linaingia na maji, linakaa mchangani, linapakuliwa, linatoka na maji mengine. Meli ya moshi haiwezi; ilibidi itie nanga mbali, mizigo ivushwe kwa vyombo vidogo. Wajerumani walipofanya Bagamoyo makao makuu yao, tatizo hilo walilikuta. Mwaka 1891 wakahamishia serikali Dar es Salaam, kwenye bandari ya asili yenye kina.

Misafara iliendelea kwa muda, kisha reli ikaimaliza. Ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Kazi ya mpagazi ya miezi ikawa safari ya siku chache garini. Wafanyabiashara wakafuata reli. Nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa faida ya pembe zikabaki na wapangaji, kisha na popo, kisha na mizizi ya miti ukutani.

Ukimya unaousikia leo una sababu, basi. Lakini usije ukasema mbele ya mwenyeji kwamba mji umekufa. Nenda soko la samaki asubuhi ndipo useme.

Nina saa tatu tu. Nianzie wapi?

Anzia Karavansarai, mahali misafara ilipokuwa ikitua. Ni karibu na unapoingilia mjini na patakupa picha ya yote yatakayofuata. Kisha shuka kuelekea baharini uifuate barabara ya India, uti wa mgongo wa Mji Mkongwe. Utapita Ngome Kongwe, jengo la mawe la mwaka 1860 hivi, lililoanza kama nyumba ya mfanyabiashara wa Kiarabu na baadaye likatumiwa na Sultani wa Zanzibar, na Wajerumani, na baadaye polisi na gereza. Utalikuta Boma la Wajerumani la 1897 na baraza zake zinazoelekea bahari, posta ya zamani, na chini kabisa forodha, pembeni mwa soko la samaki.

Tembea polepole na utazame milango. Kuna mmoja ambao huwa nasimama kila nikipita. Mbao imepauka mpaka imekuwa rangi ya majivu, misumari ya shaba imebaki michache, na kwenye fremu mchongaji amezungusha mnyororo, pete moja baada ya nyingine, mpaka chini. Kwenye ubao wa upande wa kushoto, kwa kimo cha mkono wa mtoto, mchongo umelainika kabisa. Ni vizazi vya watoto vilivyoshika pale pale wakitoka mbio. Bibi mwenye nyumba alinikuta nimeinama naukodolea macho, akaniuliza, "Umepoteza nini, mwanangu?" Nikamwamkia, nikamwambia natazama nakshi. Akacheka, akaniletea kigoda.

Sewa Haji ninayemsikia Muhimbili ana uhusiano na Bagamoyo?

Ndiye huyo huyo. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1851, alitajirika Bagamoyo kwa kuwauzia wakuu wa misafara vifaa na kuwatafutia wapagazi. Fedha zake zilijenga hospitali Dar es Salaam, na jina lake limebaki kwenye jengo la Muhimbili mpaka leo. Hapa Bagamoyo alitoa jengo la ghorofa liwe shule ya watoto bila kubagua rangi, jambo lisilo la kawaida wakati ule. Alifariki 1897.

Livingstone alifia Bagamoyo?

Hapana. Alifia Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Wenzake wa safari, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba zaidi ya kilometa 1,500 kwa miezi kama tisa. Waliufikisha misheni ya Bagamoyo Februari 1874. Ukalazwa usiku mmoja kanisani, ukavushwa Zanzibar, na mwezi Aprili ukazikwa London.

Mnara wa kanisa hilo bado upo na una jina la Livingstone. Ningependa ungekuwa na jina la Susi na Chuma pia. Walilipwa ujira, wakaruhusiwa waende zao. Katika kundi lililoubeba mwili, ni Jacob Wainwright peke yake aliyesafiri nao mpaka Uingereza.

Misheni ina nini zaidi ya mnara?

Mambo mengi, na kivuli. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza hapa mwaka 1868, wakawa wanawakomboa watumwa kwa fedha na kuwaweka katika kijiji cha uhuru ndani ya eneo la misheni. Jumba la kumbukumbu liko kwenye nyumba ya zamani ya masista ya mwaka 1876, na kwa maoni yangu ndilo lililopangwa vizuri kuliko yote mjini. Kanisa kubwa lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Mbuyu wa pale utauona hata usipoonyeshwa. Ulipandwa mwanzoni kabisa mwa misheni, na sasa shina lake ni pana kama chumba. Ukizunguka utaona pingili chache za mnyororo wa chuma zikitokeza kwenye gome. Inasimuliwa kwamba bibi mmoja wa misheni alikuwa akimfunga punda wake pale, mnyororo ukasahauliwa, mti ukaumeza. Watu wengi wakiuona husema papo hapo, "Mnyororo wa watumwa." Ni wa punda.

Bushiri alinyongwa Bagamoyo?

Swali hili huwa linaulizwa pale ufukweni, kwenye mnara wa kumbukumbu unaoonyesha mahali Wajerumani walipowanyonga Waafrika waliowapinga. Abushiri bin Salim alipigana sana maeneo haya. Watu wa pwani walipoinuka mwaka 1888 dhidi ya kampuni ya Wajerumani, Bagamoyo ilikuwa uwanja wa vita, na Mei 1889 kamanda wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, aliishambulia na kuiteka kambi ya Bushiri karibu na mji. Ila yeye mwenyewe alinyongwa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Walionyongewa hapa ni wengine, na wengi wao majina hayakuandikwa popote.

Mnara wa Dunda, ule mviringo wenye matundu ya kupigia risasi, ulijengwa katika vita hivyo.

Kaole ni lazima?

Ukiwa na nusu siku ya ziada, naam. Ni kilometa 5 hivi kusini. Magofu ya Kaole ni ya Waswahili wenyewe, mamia ya miaka kabla ya Mjerumani na kabla ya Sultani kuhamia Zanzibar: mabaki ya misikiti miwili, mkongwe ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya mawe, mengine yenye nguzo ndefu. Kwenye makumbusho madogo ya pale kuna vipande vya vyombo vya Kichina. Bahari iliyowaletea vyombo hivyo sasa haionekani vizuri, kwa sababu mikoko imeota ikaziba ghuba. Mwaka 1857 wavumbuzi wa Kiingereza, Burton na Speke, walianzia safari yao ya bara hapo Kaole.

Kaole ni mahali pa ibada pia. Kuna watu wanaokuja kuomba dua kwenye makaburi. Ukiwakuta, subiri pembeni mpaka wamalize, na simu iwe mfukoni.

Usiende kwa miguu kwa njia ya ufukweni ukiwa peke yako. Kuna vipande vitupu na watu wameporwa. Chukua bodaboda au bajaji, elewana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi.

## Kula, kulala, kuogelea

Nile wapi?

Soko la samaki, karibu na forodha ya zamani. Mashua zinapoingia, samaki wanamwagwa kwenye sakafu na mnada unaanza hapo hapo. Dalali hapumui: anataja bei, anaipandisha kwa kidole cha mtu aliyesimama nyuma, anaifunga, fungu linaondoka kwenye ndoo kabla hujajua lilikuwa la nani. Kamba wa Bagamoyo wana sifa yao, kwa sababu ya mdomo wa Ruvu ulio karibu. Pembeni wapo wakaangaji wenye makarai makubwa juu ya kuni. Unachagua, wanakuondolea magamba, wanachanja, wanatia chumvi, mafuta yanalia. Dakika kumi unakula kwa mkono, na ndimu na pilipili, na muhogo.

Asubuhi tafuta chapati na supu ya pweza. Mchana mama lishe wa karibu na stendi wana wali wa nazi na maharage. Ukitaka kitambaa mezani, hoteli za ufukweni zipo.

Nitapata pa kulala bila kuweka nafasi?

Siku za kawaida, bila shida yoyote. Gesti za bei nafuu ziko upande wa stendi na sokoni, za kati ndani ya mji, na hoteli za kitalii zimefuatana ufukweni. Omba uonyeshwe chumba kwanza: tazama chandarua kama kina matundu, washa feni, fungua bomba. Nafasi huwa ngumu wakati wa tamasha la sanaa (tazama swali linalofuata), wikiendi za sikukuu, na siku ambazo semina ya ofisi fulani ya Dar imehamia huku.

Chuo cha sanaa kinaruhusu wageni?

TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ndicho kile wakubwa zetu wanakiita Chuo cha Sanaa, kilichoanza 1981. Wasanii wengi wa ngoma, maigizo na uchoraji nchini walipita pale. Fika getini, salimia, uliza kama kuna onyesho au mazoezi yanayoweza kutazamwa. Tamasha lao la kila mwaka huwa katika miezi ya mwisho wa mwaka. Tarehe hutangazwa mapema. Nje ya tamasha, jioni wanafunzi hufanya mazoezi hata ufukweni, na hapo kiingilio ni kukaa kimya.

Bahari ni nzuri kwa kuogelea?

Maji yakijaa, ni nzuri. Yakikupwa utatembea mpaka uchoke, na maji yatakuwa magotini. Muulize mvuvi yeyote maji yanajaa saa ngapi. Kesho yake yatachelewa kama dakika hamsini. Usitegemee maji ya buluu kama ya Nungwi. Hapa Ruvu inaleta udongo, na udongo huo ndio unaolisha kamba unaowala.

Nivae vipi, na picha je?

Mji ni wa Waislamu wengi na una wazee wengi. Vazi la kuogelea liishie ufukweni wa hoteli; ukiingia vichochoroni jifunge kanga. Kuhusu picha, nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu hata kama ina miaka 130. Piga hodi, toa shikamoo, omba. Wavuvi nao ni watu walioko kazini. Wengine watakubali, wengine watakataa, na wakikataa imekwisha.

## Hali zisizo za kawaida

Nimefika ni Ramadhani. Nifanyeje?

Mchana migahawa mingi ya mjini hufungwa au hupika kwa pazia. Hoteli za ufukweni huendelea. Usile wala usinywe ukitembea njiani. Kisha subiri magharibi. Nilikaribishwa futari mara moja na watu nisiowajua kabisa, tambi, uji wa pilipili manga, magimbi ya nazi, na nilipouliza nichangie nini, mzee alinijibu kwamba nimechangia kwa kukaa.

Mwongozaji ni lazima?

Misheni na Kaole utawakuta waongozaji wa pale pale, na wanafaa. Ndani ya Mji Mkongwe unaweza kwenda mwenyewe, lakini mwongozaji mwenye kitambulisho atakufungulia milango ambayo peke yako ungeipita tu. Elewaneni bei kabla. Akikuambia mnyororo wa mbuyuni ni wa watumwa, unajua la kumwuliza.

Naweza kuvuka kwenda Zanzibar kwa jahazi kutoka hapa?

Vyombo vinavyovuka ni vya mizigo. Havina maboya ya kutosha wala bima ya abiria, na usiku mkondo una nguvu. Abiria wanavuka kwa boti za Dar es Salaam. Ukitaka tu kuonja tanga, elewana na nahodha akuzungushe karibu na pwani kwa saa moja mchana, upepo ukiwa mpole.

Niko na mzee, au watoto wadogo.

Mzee mpeleke misheni: kuna njia iliyonyooka yenye miembe mikubwa, viti, na kivuli. Mji Mkongwe mzungushe kwa bajaji. Watoto watapenda mchanga maji yakikupwa, kaa wadogo wanakimbia kila upande. Ndani ya magofu washike mkono, kuta nyingine hazijakarabatiwa na mawe hudondoka.

Gari la mwisho limeniacha.

Tazama swali la kulala. Kama lazima urudi, nenda barabarani uulize magari yanayotoka Msata kuelekea Dar, na usipande gari binafsi la mtu usiyemjua usiku. Alfajiri magari ya kwanza huondoka mapema sana, na utafika kazini kabla ya waliolala Mbezi.

Babu wa babu yangu alitokea Bagamoyo, au alipitia hapo. Naweza kumtafuta?

Swali hili hunifikia zaidi kutoka kwa watu wa Tabora, Kigoma, Bujumbura na Kongo mashariki, hasa Wamanyema. Ndiyo, jaribu. Anza nyumbani: andika jina kamili, jina la baba yake, kabila alilojitaja, na kazi. Wengi walibadili majina walipofika pwani, kwa hiyo uliza pia jina la utani. Kama alikuwa Mkristo au alikombolewa na misheni, zungumza kwa adabu na parokia, maana wamisionari walikuwa watu wa kuandika. Faili za utawala wa Kijerumani ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kwa Kijerumani.

Kama alikuwa Mwislamu, njia ni wazee. Nenda msikitini baada ya swala ya alasiri, jitambulishe kwa ukoo wako, sema unayemtafuta, halafu kaa. Usiwe na haraka ya gari. Mzee mmoja atasema hamjui, lakini anamjua anayeweza kumjua, na mtoto atatumwa kumwita.